Mimea yenye Maua na Mimea isiyo na Maua: Jinsi Tofauti Yake Ilivyojulikana

(Somo hili lilisomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili lisomwe tena polepole, darasani au nyumbani.)

  Kama unapenda kuweka kidole chini ya mstari, weka, wala usione haya. Hatuna haraka.

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya swali dogo ambalo mtoto wako anaweza kukuuliza siku yoyote mnapokwenda shambani: "Baba, mbona mmea huu hauna maua?" Swali hili liliwashinda wenye elimu kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Kwa hiyo, likikushinda na wewe, usihuzunike. Lakini usimkaripie mtoto. Nitakuambia kwa nini nasema hivyo.

Siku moja nilikwenda kutazama kazi ya darasa la nne katika shule moja ya kijijini. Mwalimu alikuwa amepiga mstari katikati ya ubao. Upande mmoja aliandika "Mimea yenye maua", na upande wa pili "Mimea isiyo na maua". Watoto walitaja mimea, naye akaandika. Mharage, upande wa kwanza. Mwembe, upande wa kwanza. Kangaga, lile jani la mtoni lenye vijani vingi kama unyoya, upande wa pili. Kisha akauliza, "Na mkuyu?" Watoto wengi wakajibu kwamba mkuyu hauna maua. Lakini msichana mmoja akasimama, akasema, "Mkuyu una maua, Mwalimu. Yamo ndani ya kuyu. Bibi alinipasulia akanionyesha."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akamwambia akae chini, akaandika "mkuyu" upande wa pili. Na mimi, afisa wa elimu, niliyekaa nyuma na daftari langu, nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na hakika. Niliporudi nikatafuta vitabuni, nikaona kwamba mtoto yule alisema kweli. Bibi yake, ambaye labda hakupata kusoma hata siku moja, alijua jambo ambalo sisi wawili wenye vyeti hatukulijua.

Basi, tutazame historia ya jambo hili tangu mwanzo.

UA NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Wengi wetu tukisikia "ua" tunafikiri juu ya kitu chenye rangi nzuri na harufu nzuri. Lakini rangi na harufu ni mapambo tu. Kazi ya ua ni kuzaa mbegu. Ndani ya ua mna sehemu ya kiume, ambayo hutoa unga mwembamba, mara nyingi wa manjano. Unga huo huitwa chavua. Tena mna sehemu ya kike, ambayo huupokea unga huo, na chini yake mna kifuko cha mbegu changa. Chavua ikifika kwenye sehemu ya kike, mbegu hushika, na kifuko hugeuka kuwa tunda.

Maua mengine yana sehemu zote mbili pamoja. Mengine ni ya kiume tu, au ya kike tu. Mhindi wako una maua ya namna mbili: mbelewele zilizo juu ni maua ya kiume, na zile nywele zinazotoka katika hindi changa ni sehemu ya maua ya kike. Hakuna mtu anayepeleka mbelewele kwa mchumba wake, lakini ni maua kweli.

WATU WA KALE NA MTENDE

Watu wa kwanza kulijua jambo hili kwa matendo walikuwa wakulima wa mitende. Mtende mmoja huwa dume, na mwingine huwa jike. Mtende jike peke yake hauzai tende njema. Kwa hiyo, tangu zamani sana, wakulima wa nchi ambayo sasa ni Iraki walikata vikonyo vya maua dume, wakapanda juu ya mitende jike, wakakung'uta unga. Hata sheria za Mfalme Hammurabi wa Babeli, zilizoandikwa zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, zinamtaja mtunza bustani aliyekabidhiwa mitende aifanyie kazi hiyo. Wakulima wa Oman hufanya vivyo hivyo mpaka leo.

Lakini kujua kufanya si sawa na kujua sababu. Mkulima alijua kwamba asipokung'uta unga hatapata tende. Ni kwa nini? Hilo hakuambiwa na mtu.

Halafu katika nchi ya Ugiriki alikuwako mtu aliyeitwa Theophrastus. Alikuwa mwanafunzi wa Aristotle, na alikufa yapata mwaka wa 287 kabla ya Kristo. Theophrastus aliandika kitabu kikubwa juu ya mimea. Humo aliandika kwamba mimea hutofautiana kwa njia nyingi: mingine hupandwa na mingine ni ya mwituni, mingine huzaa na mingine haizai, mingine ina maua na mingine haina. Basi yule mwalimu wa kijijini aliyepiga mstari katikati ya ubao alikuwa akifuata njia iliyoanza kukanyagwa miaka 2,300 iliyopita.

Hata hivyo, Theophrastus alitazama kwa macho tu. Kile kilichofichika au kilicho kidogo mno kilimpita. Tena, kwa kuwa kazi ya ua haikujulikana bado, watu hawakuweza kusema mmea usio na ua umekosa kitu gani.

MTU ALIYEKATA NYWELE ZA MAHINDI

Miaka ikapita, karibu elfu mbili. Katika mji wa Tübingen, nchi ya Ujerumani, alikuwako daktari aliyeitwa Rudolf Jakob Camerarius, mtunzaji wa bustani ya mimea. Yeye hakutosheka kutazama tu. Alijaribu.

Alichukua mmea wa mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Mmea huu una maua dume na maua jike mbalimbali. Camerarius aliondoa maua dume yote kabla hayajafunguka. Kisha akangoja. Hakupata hata mbegu moja iliyo nzima. Akachukua mahindi, akakata zile nywele zilipotoka. Akangoja tena. Gunzi likabaki tupu, bila punje.

Mwaka wa 1694 Camerarius aliandika barua ndefu kumweleza mwenzake habari hizo. Alisema kwamba mimea ina kiume na kike, na kwamba bila ule unga wa ua hakuna mbegu. Jambo ambalo mkulima wa mitende alilifanya bila kujua sababu, sasa lilipata sababu.

Wewe mwenyewe unaweza kufanya jaribio hilo katika shamba lako. Hindi moja tu litatosha, halitakutia njaa. Likate nywele kila siku tangu zinapoanza kuchungulia, kisha mwonyeshe mtoto gunzi wakati wa mavuno. Hatalisahau somo hilo.

NDOA YA SIRI

Sasa tufike nchi ya Uswidi. Mwaka wa 1735 kijana mmoja aliyeitwa Carl Linnaeus, mwenye umri wa miaka 28, alitoa kitabu ambacho ndani yake aliipanga mimea yote katika makundi 24. Makundi 23 yalikuwa ya mimea ambayo maua yake huonekana. Aliyapanga hasa kwa kuhesabu na kutazama sehemu za kiume ndani ya ua. Kundi la 24 aliliwekea mimea ambayo hakuona ua lake: kangaga, kuvumwani lile jani dogo laini linaloota juu ya mawe yenye maji, mwani wa baharini, na hata uyoga. Kundi hilo alilipa jina lenye maana ya "ndoa ya siri".

Angalia vizuri hekima ya jina hilo. Linnaeus hakusema kwamba mimea hiyo haina ndoa. Alisema kwamba ndoa yake imefichika. Hakuiona kwa macho yake, lakini hakukana kwamba ipo.

Na sasa sikiliza habari ya mkuyu. Katika vitabu vyake vya kwanza Linnaeus aliuweka mti wa jamii ya mkuyu katika kundi hilo la 24, pamoja na makangaga. Baadaye, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka wa 1753, aliuondoa huko, akauweka pamoja na mimea yenye maua. Kwa nini? Kwa sababu ukipasua kuyu changa utakuta ndani yake vijiua vidogo mno, mamia kwa mamia, vimejipanga ukutani vyote vikitazama katikati. Kuyu ni kama nyumba ambayo maua yake huchanua chumbani. Nyigu wadogo sana, wadogo kuliko chawa wengi, huingia kwa tundu lililo kwenye ncha ya kuyu na kuyapelekea maua yale chavua.

Basi, msomaji, hata Linnaeus aliyeitwa baba wa kupanga majina ya mimea alikosea kwanza katika jambo la mkuyu, kisha akafuta kosa lake. Kama yeye alifuta, ni nani kati yetu anayeona aibu kufuta ubao?

VUMBI LA KANGAGA

Lilibaki swali la kangaga. Kama halina ua, huzaaje?

Geuza jani la kangaga lililokomaa. Chini yake mara nyingi utaona madoa ya rangi ya kahawia yaliyopangwa kwa mistari. Watoto wengine hudhani ni ugonjwa, au mayai ya wadudu. Likung'ute juu ya karatasi nyeupe, nalo litatoa vumbi jembamba. Kila chembe ya vumbi hilo huitwa spora.

Zamani watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba kangaga lina mbegu zisizoonekana, na kwamba mtu akizipata usiku fulani wa mwezi wa Juni, basi na yeye hataonekana. Tunaweza kucheka, lakini imani hiyo ilizaliwa na swali la haki. Watu waliona kangaga likiongezeka kila mwaka, wala hawakuiona mbegu. Palipokosekana jibu, hadithi ilijaza nafasi. Ndivyo ilivyo mahali pote duniani.

Jibu lilikuja polepole, kwa mikono ya watu wengi. Daktari mmoja aliyekuwa kisiwani Jamaika, jina lake John Lindsay, alilipanda lile vumbi kwenye udongo na kulitazama likiota. Habari yake ilipigwa chapa London mwaka wa 1794. Mwaka wa 1848 mtaalamu aitwaye Leszczyc-Sumiński alieleza jambo la ajabu zaidi. Spora ikianguka mahali penye maji haioti kangaga moja kwa moja. Kwanza huota kijani kidogo kama ukucha wa kidole, mara nyingi chenye umbo la moyo. Juu ya kijani hicho ndimo zilimo sehemu ya kiume na sehemu ya kike, na chembe ya kiume huogelea katika tone la maji mpaka kuifikia ya kike. Hapo ndipo huzaliwa kangaga tunalolijua. Basi sasa unaelewa kwa nini makangaga hupenda kando za mito, na misitu yenye ukungu kama ile ya Usambara. Bila maji, ndoa yake haifungwi.

Aliyeunganisha habari hizi zote ni Wilhelm Hofmeister wa mji wa Leipzig, Ujerumani. Nataka umjue mtu huyu, kwa kuwa yeye ni ndugu yako katika kusoma. Hofmeister hakwenda chuo kikuu. Aliacha shule akiwa bado kijana, akafanya kazi katika biashara ya baba yake ya kuuza vitabu na karatasi za muziki. Macho yake yalikuwa mafupi. Alijifundisha mwenyewe elimu ya mimea, akiitazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, asubuhi mapema kabla ya saa za kazi. Mwaka wa 1851, akiwa na umri wa miaka 27, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba kuvumwani, kangaga, msonobari na mimea yenye maua yote hufuata mpango mmoja wa kuzaa, ingawa kila mmoja huufuata kwa njia yake. Mwaka wa 1863 akafanywa profesa katika chuo kikuu cha Heidelberg, yeye ambaye hakupata kuwa mwanafunzi wa chuo chochote.

Lipo kundi lingine ambalo huwachanganya watu: mimea yenye mbegu lakini isiyo na ua la kweli. Misonobari, ambayo wengi huiita mipaina, ni ya kundi hilo. Mashamba yake makubwa yako Sao Hill, karibu na Mafinga. Mbegu zake hazimo ndani ya tunda. Zimekaa wazi kati ya magamba ya koni. Mwaka wa 1825 Robert Brown aliwasomea wataalamu wenzake wa London maelezo yake juu ya mbegu hizo zilizo uchi. Lakini usidanganyike na mvinje wa pwani. Kwa mbali hufanana na msonobari, tena una vitunda kama koni, lakini mvinje ni mmea wenye maua, maua madogo yasiyo na mapambo.

MTOTO WA KISIWA CHA RÉUNION

Pengine utauliza, "Maneno haya yote yananifaa nini? Tofauti ya ua na spora italeta chakula nyumbani kwangu?" Sikiliza habari ya mtoto mmoja.

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, kiko kisiwa cha Réunion. Wafaransa waliokitawala walileta huko mmea wa vanila, ambao kwao asili ni Meksiko. Mmea uliota vizuri, ukatoa maua. Lakini kwa muda wa miaka ishirini hivi haukufaa kitu, kwa kuwa wadudu wanaoupelekea chavua huko kwao hawakuwako kisiwani. Tena ndani ya ua la vanila mna kijingozi chembamba kinachotenga sehemu ya kiume na sehemu ya kike. Na ua lenyewe hufunguka asubuhi na kunyauka siku ile ile. Mwaka wa 1836 mtaalamu wa Ubelgiji, Charles Morren, alifaulu kupata tunda kwa kutumia mikono, lakini njia yake haikuwafaa wakulima.

Katika shamba la Bwana Ferréol Bellier-Beaumont, huko Sainte-Suzanne, alikuwako mtoto mtumwa aliyeitwa Edmond. Alizaliwa mwaka wa 1829, na mama yake alikufa alipomzaa. Hakupelekwa shule. Lakini bwana wake alipenda mimea, na mtoto alimfuata bustanini. Huko alionyeshwa jinsi ya kupeleka unga wa ua dume kwenye ua jike la mmea wa jamii ya tikiti. Mtoto akatazama, akafahamu, akaanza kufikiri juu ya vanila.

Mwaka wa 1841 bwana wake aliona matunda mawili juu ya mvanila wake. Akashangaa. Edmond, mwenye umri wa miaka 12, akasema kwamba ni yeye aliyefanya kazi ile. Akaonyesha: kwa kijiti chembamba alikiinua kile kijingozi, kisha kwa kidole gumba akaibana chavua juu ya sehemu ya kike. Basi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Akapelekwa mashamba mengine awafundishe watu. Njia yake ilienea Madagaska na Komoro, na ndiyo njia inayotumika mpaka leo hata katika mashamba ya vanila ya Uganda na ya Kagera.

Wenye mashamba walitajirika. Edmond je? Utumwa ulipokomeshwa Réunion mwaka wa 1848, alipewa uhuru na jina la Albius, lakini hakupewa fedha wala shamba. Baadaye alifungwa kwa wizi, akatolewa kabla ya muda wake kwa maombi ya bwana wake wa zamani. Tena mtaalamu mmoja mwenye sifa, Jean Michel Claude Richard, alidai kwamba yeye ndiye aliyeifundisha kisiwani njia ile. Edmond hakuwa na barua wala kitabu cha kujitetea. Bellier-Beaumont ndiye aliyeandika barua kushuhudia kwamba mvumbuzi ni Edmond, na kwa sababu ya maandishi hayo sisi tunalijua jina lake. Alikufa maskini mwaka wa 1880.

Ndugu msomaji, hapo pana mafunzo mawili. La kwanza: mtoto aliyeonyeshwa ua kwa uvumilivu anaweza kuona kile ambacho wakubwa hawakukiona. La pili unalijua wewe kuliko mimi, wewe uliyekuja darasani jioni baada ya kazi ya siku nzima. Anayejua jambo lakini hajui kuliandika, jambo lake huweza kuandikwa kwa jina la mtu mwingine.

JINSI YA KUMFUNDISHA MTOTO

Sasa tufanye kazi. Ukitaka kumfundisha mtoto tofauti hii, usianze na maneno. Anza na matembezi. Mwambie akusanye majani na maua ya mimea kumi, kisha muulize swali moja: "Huu huzaa kwa njia gani?" Usimuulize, "Una ua zuri?"

Mwonye juu ya mimea inayodanganya. Majani ya kawaida ya kulishia ng'ombe yana maua, lakini ni madogo, hayana rangi. Muhogo una maua, ingawa sisi huupanda kwa vijiti. Mgomba una maua, chini ya yale magamba mekundu ya mkungu, ingawa ndizi zetu za kula hazina mbegu. Karafuu kavu jikoni mwako ni ua ambalo halijafunguka. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na tangu siku zile mchumaji hujua kwamba akichelewa ua likafunguka, karafuu hupungua thamani. Basi utajiri wa Unguja na Pemba kwa miaka mingi ulitegemea kulijua ua kabla halijawa ua.

Kisha mwonyeshe kangaga, umgeuzie jani. Mwonyeshe kuvumwani. Mwani unaolimwa pwani ya Unguja tangu mwaka wa 1989 hauna ua wala mbegu. Na uyoga? Vitabu vya shule vya zamani viliuweka pamoja na mimea isiyo na maua. Lakini tangu mwaka wa 1969, mtaalamu wa Marekani Robert Whittaker alipoeleza mpango wake mpya, uyoga umetengwa na mimea kabisa. Uyoga hauna ujani, wala haujipikii chakula kwa mwanga wa jua. Ukikuta kitabu cha zamani kinasema vingine, kisahihishe.

Mwisho, mwambie mtoto asidharau mimea isiyo na maua. Ni wazee wetu. Siku hizi wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 300,000 za mimea yenye maua, na kangaga ni yapata aina 10,000 na zaidi tu. Lakini makangaga yalikuwako duniani mamilioni mengi ya miaka kabla ya ua la kwanza. Makaa ya mawe ya Kiwira na ya Mchuchuma ni mabaki ya misitu ya wakati ule, ambapo hapakuwa na ua hata moja duniani.

Namalizia na habari ya yule msichana. Baada ya kusoma vitabu nilirudi shuleni kwake, nikazungumza na mwalimu faraghani. Hakukasirika. Alimtuma mtoto kuokota makuyu machanga, akayapasua mbele ya darasa, akawapa watoto watazame mmoja mmoja. Kisha akafuta neno "mkuyu" upande wa pili, akamwita msichana aje aliandike yeye mwenyewe upande wa kwanza. Nikadhani atafurahi na kukaa. Lakini alisimama pale na chaki mkononi, akauliza, "Na mwanzi je, Mwalimu? Bibi anasema aliuona ukichanua mara moja tu."

Bibi yake alisema kweli tena. Iko mianzi inayochanua mara moja tu baada ya miaka mingi, kisha ikafa. Mwalimu alinitazama, nami nikamtazama. Safari hii tulijibu.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Kazi ya ua ni nini?
2. Camerarius alifanya nini kwa mahindi, na alipata kuona nini?
3. Kwa nini kangaga huhitaji maji ili lizae?
4. Maua ya mkuyu yako wapi?
5. Tunalijua jina la Edmond Albius kwa sababu gani? Andika jibu lako kwa sentensi mbili, kisha tia jina lako chini yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.